Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025: Fedha Zimekatika, Ukaguzi Haukukatika

Ndugu wanachama,

Mwaka huu ulitupokea vibaya. Januari 20 amri ya rais ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi hapa Marekani, na siku nne baadaye mashirika yanayowatafutia makazi yakaletewa barua za kusimamisha kazi. Wengi wenu, hasa mashirika yaliyoanzishwa na ndugu zetu Wakongomani na Warundi, mliagana na watumishi wenu kabla ya Machi. Hayo mmeyaishi, sina haja ya kuwasimulia. Nataka kusema juu ya kilichofuata: ruzuku zilikatika, lakini wajibu wa kukaguliwa kwa zile zilizokwisha kutumika ulibaki palepale.

Kwa wanachama wapya nieleze kidogo. Tangu sheria ya 1984 iliporekebishwa mwaka 1996, shirika lenye ruzuku kadhaa za serikali ya shirikisho halikaguliwi na kila idara kivyake. Mkaguzi mmoja wa nje huangalia hesabu zote pamoja na masharti ya ruzuku hizo. Kwa mwaka wa fedha 2024, anayehusika ni aliyetumia dola 750,000 au zaidi, na ripoti haipaswi kuvuka miezi tisa tangu mwaka kufungwa. Waliofunga hesabu Desemba 31, 2024 walikuwa na mpaka Septemba 30.

Sasa fikirini hali ilivyokuwa. Mwanachama wetu mmoja alimpoteza mhasibu wake Februari. Mkaguzi alifika Julai akitaka karatasi za saa za kazi za watu ambao hawapo tena, na stakabadhi za kodi za nyumba walizolipiwa wakimbizi mwaka mzima. Maboksi yalikuwa kwenye gereji ya mweka hazina wao. Nilikaa nao Jumamosi mbili, tumetandaza hundi sakafuni, tukioanisha kila hundi na familia yake. Fedha zote zilikwenda zilikotakiwa kwenda, nina hakika. Hata hivyo baadhi ya karatasi hatukuzipata, na shirika likaandikiwa hoja ya ukaguzi, yaani kasoro inayotajwa kwenye ripoti. Iliniuma, kwa kuwa familia zile ninazifahamu.

Mwingine alipata barua Juni kutoka kampuni iliyomkagua kwa miaka mingi: tunaacha kazi za aina hii. Kamati ilimsaidia kuandikia kampuni nyingine. Nyingi hazikujibu. Moja ilisema ina nafasi mwaka ujao. Aliyekubali hatimaye alitaja bei iliyotushtua sote.

Nilitaka kujua sababu, na si moja. Mkaguzi wa kazi hizi hufuata viwango vya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani: saa 80 za mafunzo kila miaka miwili, 24 kati yake zikihusu mambo ya serikali, na kampuni yake yenyewe hukaguliwa na wenzao wa fani kila miaka mitatu. Ofisi ndogo yenye wateja wawili wa aina yetu hupiga hesabu na kuona hailipi. Wahasibu wenyewe wamepungua. Na foleni ni ileile tunayosimama na kaunti, miji na shule za umma, ambazo nyingi hufunga mwaka Juni 30. Mwaka 2021 Bunge lilitenga dola bilioni 350 kwa majimbo na serikali za mitaa, na miji midogo ambayo haikuwahi kuguswa na ukaguzi huu ikajikuta inatafuta mkaguzi yuleyule tunayemtafuta sisi.

Katika dhiki hiyo mtu hushika wa bei rahisi. Nawasihi msifanye hivyo. Utafiti wa wakaguzi wa serikali ya shirikisho uliotolewa 2007 ulichukua kaguzi 208 za aina hii na kuzipitia upya, kisha ukakadiria hali ya kaguzi zote: chini ya nusu ndizo zinazokubalika, na zaidi ya theluthi moja hazikubaliki. Ombeni ripoti ya kampuni hiyo kukaguliwa na wenzao wa fani kabla ya kusaini. Kanuni zinawaagiza muiombe. Kuchelewesha ripoti nako kuna gharama. Shirika linapoteza hadhi ya kuwa na hatari ndogo, na mkaguzi analazimika kupima asilimia 40 ya fedha za shirikisho badala ya 20. Kazi zaidi, ankara kubwa zaidi.

Kiwango cha matumizi kinacholazimisha ukaguzi huu kimepanda kutoka dola 750,000 hadi dola milioni moja, na kadhaa mmeniuliza kama sasa mnaweza kupumzika. Angalieni tarehe kwanza: kinahusu mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 1, 2024 au baada yake. Aliyeanza Julai 1, 2024 bado yuko kwenye 750,000. Pia kinachohesabiwa ni fedha mlizotumia, pamoja na zile zilizopitia mkono wa jimbo au shirika kubwa. Fedha za shirikisho hazigeuki kuwa za jimbo kwa kupitia akaunti ya jimbo.

Kwa walio chini ya kiwango kweli, maoni yangu ni kwamba hesabu za kawaida ziendelee kukaguliwa, ingawa gharama hiyo hairuhusiwi kutozwa kwenye ruzuku ya shirikisho na itatoka mfukoni mwa shirika. Najua ninaomba mengi kwa mwaka kama huu. Lakini ruzuku zikirudi, shirika lenye miaka miwili bila hesabu zilizokaguliwa litaanza mbali sana.

Ada zimelipwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mweka hazina atasoma mapato na matumizi mkutanoni.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura: tutangaze zabuni ya pamoja, mkataba wa miaka mitatu, kila shirika likisaini lake lakini kampuni moja ikipata wateja wa kutosha kuifanya ione inafaa kubaki. Sharti ni kwamba tutumie mpangilio mmoja wa vitabu vya hesabu. Wanaotaka kuingia wampe katibu majina kabla ya mkutano kufungwa, wakianza wenye mwaka unaoishia Juni 30, kwa maana wao watagongana na kaunti na shule.