YAH: Malalamiko kuhusu viungo mlivyoijengea tovuti yetu ya safari

Ndugu Meneja,

Mkataba wetu wa miezi 6 ulitaka viungo 120 (maneno ya kubofya yanayomleta msomaji kwetu, ambayo Google huyazingatia inapopanga matokeo ya utafutaji) kutoka tovuti zinazohusika na utalii. Taarifa yenu ya mwisho inaonyesha 124. Tumevifungua kimoja kimoja na kuvilinganisha na ripoti ya viungo ya Google Search Console, zana inayomwonyesha mwenye tovuti viungo vinavyoelekea kwake, na hatuwezi kuipokea kazi hii.

Viungo 71 vimetoka kwenye blogu zisizo na msomaji. Mojawapo ina makala ya dawa za kupunguza uzito. Katikati ya sentensi inayomshauri mgonjwa wa kisukari yamepachikwa maneno "safari za bei nafuu Serengeti", nayo yanaleta kwetu. Maneno hayohayo yamerudiwa kwenye viungo vyote 71. Watu wanaoitaja kampuni kwa hiari yao hawaandiki hivyo: mmoja huandika jina letu, mwingine hubandika anwani tupu, mwingine huandika "soma hapa". Mfanano wa namna hiyo Google imekuwa ikiusaka tangu Aprili 2012 ilipoanzisha Penguin, mfumo wake wa kunasa viungo vya hila, na tangu Septemba 2016 ukaguzi huo unakwenda muda wote. Tukibahatika, viungo vitapuuzwa na fedha itakuwa imekwenda bure. Tusipobahatika, wakaguzi wenyewe wa Google wataiadhibu tovuti, na msimu wa Julai utatukuta hatuonekani.

Viungo 38 vingine ni machapisho ya Facebook, X na Pinterest. Hivi si vya kuhesabiwa pamoja na vya tovuti. Kwa kawaida mitandao hiyo huweka alama ya "nofollow", yaani dokezo kwa Google kwamba kiungo kisihesabiwe, kwenye viungo vya watumiaji, na wingi wa "like" haupandishi ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji. Hatusemi mitandao ya kijamii haina kazi. Kazi yake ni kuifikisha makala nzuri machoni pa mwandishi wa safari, mwenye hoteli au mhariri, ambaye ndiye atakayeiwekea kiungo kwenye tovuti yake. Tuliwapa jedwali la mienendo ya nyumbu: Ndutu Januari hadi Machi wanapozaa, Mto Mara kuanzia Julai wanapovuka. Hilo ndilo mtu angelihifadhi na kulirejelea. Halikuchapishwa hata mara moja. Machapisho yote 38 ni picha ya simba, "Karibu Tanzania", na anwani ya ukurasa wa mwanzo.

Vile 15 vya saraka za biashara hatuna ugomvi navyo.

Tunataka yafuatayo. Kwanza, orodha ya tovuti zote mlizolipa, na kiasi mlicholipa kila moja. Kiungo cha kulipiwa kilitakiwa kiwe na alama ya "sponsored", inayoonyesha kwamba kimelipiwa, au angalau "nofollow", na hakuna hata kimoja chenye mojawapo. Pili, waandikieni wenye blogu wavitoe. Watakaokaa kimya, andaeni faili la maandishi matupu la kuvikana viungo hivyo, yaani la kuiomba Google isivihesabu, kila tovuti mstari wake ukianza na "domain:". Lileteni kwetu kabla ya kulipakia, kwa sababu jina moja likikosewa tutakikana kiungo cha mshirika halali. Tatu, mturudishie malipo ya viungo 109.

Mkitaka kuifidia sehemu ya fedha hiyo kwa kazi, ipo. Tulipobadili muundo wa tovuti, kurasa za zamani za Kilimanjaro zilibaki zikitoa kosa la 404 (ukurasa haupatikani), na bado zina viungo vya tovuti za wapanda milima. Zielekezeni kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwenye kurasa mpya zinazolingana nazo, njia ya Machame kwa Machame, si zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Kisha waandikieni wenye loji za Karatu wanaotutaja bila kiungo. Viungo 10 vya namna hiyo tungevipokea kwa furaha kuliko hivyo 71.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Hadi hapo, msiongeze kiungo chochote.

Wenu katika kazi,
Meneja Masoko