Malalamiko kuhusu mashine ya kutotolesha inayopoteza hesabu ya siku

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KIDHIBITI KUJIZIMA NA KUANZA UPYA RILEI INAPOKATA MOTA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inapoizima mota ya kugeuza mayai, kioo cha mashine yenu kinajaa herufi zisizosomeka, kisha kidhibiti kinaanza upya. Joto linarudi lenyewe kwenye 37.5, nashukuru kwa hilo, lakini hesabu inarudi siku ya 1. Mayai ya kuku huanguliwa siku ya 21, na kuyageuza husimama siku ya 18 ili kifaranga ajipange vizuri. Mashine isiyojua iko siku ya ngapi inaendelea kuwabiringisha vifaranga waliokaribia kudonoa ganda.

Nilipopiga simu niliambiwa umeme wa Morogoro ni mbovu, ninunue stabilaiza. Nikanunua. Hali ni ile ile, wala sishangai: stabilaiza hurekebisha volti zinazopanda na kushuka kutoka nje. Haina la kufanya kwa kelele za umeme zinazozaliwa ndani ya mashine yenyewe.

Mimi ni fundi redio, kwa hiyo nikafungua boksi. (Najua mtaniuliza kuhusu stika ya dhamana. Ilikatwa baada ya fundi wenu kusema hana nafasi ya kuja.) Nilichomoa waya wa mota nikaiacha rilei iwake na kuzima bila mzigo: kidhibiti kikatulia. Basi koili ya rilei haina kosa, na dayodi yake ya kuzuia kelele za koili hiyo ipo, imefungwa sawa. Nikaweka balbu ya nyuzi badala ya mota: kikatulia tena. Nikarudisha mota, kikajizima. Koili za mota hazikubali mkondo ukatwe ghafla. Rilei inapoachia, cheche huruka kati ya kontakti (ncha zake zinazogusana), na kelele zake huifikia mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha kidhibiti. Waya wa sensa ya joto nao mmeufunga fungu moja na waya wa mota, kama vile mlikuwa mnazitafutia kelele njia ya kupita.

Kilichoniudhi hasa ni hiki. Pembeni ya rilei, bodi yenu ina nafasi mbili tupu zilizochapishwa alama za rezista na kapasita, vipuri vya kumeza cheche kama hizo, na njia zake zinakwenda moja kwa moja kwenye terminali za mota. Aliyechora bodi alijua tatizo hili. Aliyeamua nafasi zibaki tupu alikuwa anabana gharama. Niliweka rezista ya omu 100 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1, aina ya X2 (iliyotengenezwa mahususi kwa umeme wa njia kuu) ya volti 275, nikautenga waya wa sensa. Tangu hapo kidhibiti hakijajizima.

Mayai yaliyoharibika siyadai, maana siwezi kuthibitisha yapi yaliharibiwa na mashine. Nadai fedha ya stabilaiza, na nakala ya risiti nimeambatisha. Wateja wengine wenye mashine hii wapelekeeni bodi iliyokamilika, na fundi wenu azifunge. Msiwaambie wajiwekee wenyewe: hapo pana volti 230, na kapasita ya kawaida ikiwekwa badala ya X2 inaweza kuwaka moto. Na wanaopokea simu zenu waache kuagiza watu wanunue stabilaiza kabla hawajauliza mashine inajizima wakati gani.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka barua hii pamoja na picha za bodi Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, Morogoro