Fremu mpya zitabaki tupu mpaka masharti yabadilike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kituo kipya cha maduka kilichojengwa pembezoni mwa mji wetu wa Tabora, chenye fremu nzuri za vioo, maegesho mapana ya magari na taa zinazowaka usiku kucha, lakini ambacho hadi leo milango yake mingi imefungwa kwa kufuli na kubandikwa karatasi zisemazo "Fremu inapangishwa".

Siandiki mambo ya kusikia. Mimi ni muuza vitambaa. Kwa miaka kumi na sita nimefanya biashara jirani na Soko Kuu, na Novemba ya mwaka juzi nilipanga fremu katika kituo hicho, nikakaa miezi sita, kisha nikarudi nilikotoka nikiwa nimepoteza sehemu kubwa ya mtaji wangu. Aliyenipangisha sitamtaja, wala sina nia ya kumwaibisha. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuambiwa vikaoni kwamba wafanyabiashara wa Tabora ni wazito, kwamba tumezoea vibanda na tunayaogopa maendeleo. Hatukuogopa, tulikwenda. Siku niliyohamia, kati ya fremu 48 zilizokuwa zimekamilika, 11 zilikuwa na wapangaji. Siku niliyofungasha majora yangu tulikuwa tumebaki watano, na wawili kati ya hao walikuwa wakisubiri tu mikataba yao iishe.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayomchosha mpangaji kabla hata hajatundika bango lake. Kodi ya pango ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi, ilhali karibu na soko nilikuwa nikilipa 180,000. Tofauti hiyo niliikubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa jengo lilikuwa jipya, lina vyoo, maji na ulinzi. Nilitakiwa kulipa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 1,500,000. Kwa kuwa mwenye jengo amesajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliongezwa asilimia 18, sawa na shilingi 270,000. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa hukirejesha kiasi hicho kwa kukipunguza katika kodi anayodaiwa kwenye mauzo yake. Mimi, ambaye mauzo yangu hayafikii kiwango cha kusajiliwa, fedha hiyo ilikwenda bila kurudi. Ikafuata kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo kwa utaratibu mpangaji huikata kwenye kodi ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkataba wangu ulitaka mwenye jengo apokee pango lake kamili bila kukatwa, hivyo shilingi 150,000 nyingine zikatoka mfukoni mwangu. Kabla sijauza hata mita moja ya kitambaa nilikuwa nimetoa shilingi 1,920,000, mbali na umeme wa Luku na mchango wa usafi na ulinzi.

Simlaumu mtu kwa kodi zilizowekwa na sheria. Ninachosema ni kwamba jengo lile lilipigiwa hesabu ya mpangaji ambaye Tabora tunao wachache, yule aliyesajiliwa, mwenye akiba ya kukaa mwaka mzima akisubiri wateja, halafu tukaitwa sisi tusio na akiba hiyo. Hasara ya kuanzisha mahali ambapo watu hawajazoea kufika ni lazima mtu aibebe, na pale ilibebeshwa yote kwa mpangaji wa kwanza.

Msimu nao ulikuwa kinyume chetu. Kila anayefanya biashara Tabora anajua kwamba fedha ya mji huu inatoka shambani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.3 katika mkoa wetu, na wengi wao wako Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga, wanaishi kwa tumbaku, mpunga, asali na ng'ombe. Mkulima wa tumbaku hushika fedha masoko ya tumbaku yanapofunguliwa na malipo yanapoanza kutoka, kuelekea katikati ya mwaka. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inanyesha, yuko shambani, na kidogo alichobakiza kinakwenda kwenye chakula na vibarua. Mkataba wangu ulianza Novemba na kuisha Aprili. Nililipia miezi sita ya kiangazi cha mifuko, na wakulima walipoanza kuja mjini na fedha zao, mimi nilikuwa nimekwisha kufunga.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani waliochora ramani ya kituo hawakuliuliza kwa mtu yeyote anayeuza. Mteja wa kitambaa hanunui duka la kwanza. Hushika, huvuta, hukunja kona aone kama kinajikunja, huuliza bei, kisha huaga kwa kusema "ngoja nizunguke", na akishazunguka ndipo hurudi kununua. Watu hufikiri kwamba mfanyabiashara hufurahi kuwa peke yake. Kwa chumvi na kiberiti pengine ni kweli, lakini kwa vitambaa, viatu, simu au vyombo, jirani anayeuza kitu kama changu ndiye anayeniletea mteja. Pale kituoni hapakuwa na pa kuzungukia. Kulikuwa na duka moja la vitambaa, moja la dawa, moja la vipodozi na wakala mmoja wa fedha, tena tumetengana kwa milango mingi iliyofungwa, kwa sababu kila aliyekuja alipewa fremu aliyoipenda badala ya kupangwa jirani na wenzake wa biashara moja.

Jambo hilo lilinidhihirikia Januari, shule zilipofunguliwa, mwezi ambao kwa kawaida ndio unaonipa kodi ya nusu mwaka. Mama anayetoka Sikonge anakuja na karatasi moja: kitambaa cha sare, madaftari, viatu, begi, ndoo, na kama mtoto analala bweni, godoro na shuka. Sokoni anavimaliza vyote kwa asubuhi moja, anakunywa chai, anarudi stendi. Kwangu angepata sare peke yake, na kwa hiyo moja alipe bodaboda shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Nilikuwa na daftari ninaloandika kila anayeingia dukani. Februari nzima waliingia watu 61, walionunua walikuwa 19, na katika hao 19 saba walikuwa wapangaji wenzangu na walinzi wa kituo, ambao nawashukuru.

Tabora haikuwa mji wa biashara kwa bahati. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857 walikuta wafanyabiashara wamekwisha kukaa, kwa sababu hapa ndipo njia ya kutoka pwani ilipogawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikienda kaskazini, Karagwe na Buganda. Reli ilipofika mwaka 1912, kisha ikaendelea hadi Kigoma na baadaye ikachepuka kwenda Mwanza, ilifuata njia ambazo miguu ya wapagazi ilikuwa imekwisha kuzikanyaga. Maduka yalijengwa pale ambapo mtu tayari amesimama, ametua mzigo, ana kiu. Kituo chetu kipya kimejengwa mahali ambapo magari yanapita kwa kasi na hakuna anayetua kitu. Hakuna daladala inayoishia pale. Abiria wa mabasi ya wilayani hushushwa stendi, na tangu stendi hadi kituoni hakuna kinachompeleka isipokuwa bodaboda au bajaji.

Na hata anayefika hana pa kukaa. Mji huu unajulikana kwa miembe, na ukitaka kujua watu wanakusanyika wapi Tabora, tafuta mwembe. Kiwanja kile kilikuwa na miembe mikubwa. Ilikatwa yote, ardhi ikasakafiwa kwa matofali ya saruji, na maduka yakaelekezwa kwenye jua bila baraza ndefu ya kuunganisha mlango na mlango. Mwezi Oktoba mtu hawezi kuvuka uwanja ule saa saba mchana, na mvua ikinyesha hawezi kutoka duka moja kwenda la pili bila kulowa. Kanuni za kituo zilikataza cherehani nje ya fremu, zikakataza mama lishe na wauza matunda kuingia ndani ya uzio. Fundi wangu, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka tisa, akabaki mjini kwenye kibaraza chake, na mteja akifikiria kwamba atanunua kwangu kisha arudi mjini kushonesha, anaona heri anunue hukohuko. Katazo lile lilikusudiwa kuweka usafi na heshima ya mahali, nalielewa. Lakini mama lishe ndiye anayemfanya mtu akae saa moja badala ya dakika tano, na aliyekaa saa moja ndiye anayekumbuka kwamba anahitaji kitenge.

Nilipolalamika niliambiwa tusubiri, kwamba kuna duka kubwa la vyakula lenye jina litakuja na kuvuta watu. Naliheshimu wazo hilo, kwa kuwa vituo vya namna hii huko vilikoanzia hutegemea duka moja kubwa. Lakini hapa kwetu tumeona majina hayo yakija na kuondoka: Shoprite iliyaachia maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka uliofuata, na Nakumatt yenyewe ikaanguka muda si mrefu baadaye. Kama yalishindwa Dar es Salaam na Arusha, sioni kwa nini tuyawekee matumaini yetu yote hapa Tabora. Ni vema pia kukumbuka kwamba maduka ya pembezoni yenye maegesho mapana, kama yale ya Country Club Plaza yaliyofunguliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1923, yalijengwa kwa ajili ya wateja wenye magari yao wenyewe. Wateja wangu wengi huja kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi.

Wengine walituambia tusubiri reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na mimi kama Mtanzania naisubiri kwa hamu kubwa. Lakini pango langu la Februari lilidaiwa Februari.

Tena tunao mfano wa nyumbani ambao ungetosha kutufundisha. Jengo la Machinga Complex pale Ilala, Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2010, lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, na bado vizimba vingi vilikaa vitupu huku wenyewe wakirudi barabarani Kariakoo, kwa sababu mteja hakuwa anapanda ngazi kuwafuata juu. Hawakuwa wakaidi. Walimfuata anayewalisha.

Naomba basi mwenye jengo, na wengine wanaofikiria kujenga kama yeye, wafikirie kodi inayokua pamoja na biashara. Kwa miezi sita ya kwanza mpangaji alipe sehemu ya mauzo yake, tuseme asilimia saba, kwa risiti za mashine na kila mwisho wa mwezi, kisha wakae wakubaliane kodi ya kudumu kwa kuangalia yaliyoingia. Fremu iliyofungwa haimlipi chochote, na vioo vyake vinapigwa vumbi. Fremu iliyofunguliwa, hata kwa kodi ndogo, inamletea mpangaji wa jirani. Mikataba ianze Mei au Juni, ili mtu ajenge jina lake wakati fedha ipo. Kodi ya zuio ikatwe inavyotakiwa, yaani kutoka katika pango. Wauza vitambaa na mafundi wapewe safu moja, wauza viatu safu nyingine, na uani paruhusiwe gulio siku moja ya wiki, lenye nyanya, samaki wakavu, asali na mitumba.

Halmashauri ya Manispaa nayo isijione mtazamaji. Ikae na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wapange njia ya daladala inayotoka stendi na kuishia kituoni, kwa nauli ya kawaida. Naamini pia kwamba dirisha moja tu la huduma za manispaa, mahali pa kulipia leseni za biashara na ushuru, likifunguliwa katika fremu mojawapo, litaleta watu wengi kila asubuhi kuliko matangazo yote ya redio tuliyochangishwa. Na miembe ipandwe upya msimu huu wa mvua, kwa kuwa inachukua miaka mingi kufikia kivuli.

Wiki iliyopita nilipita pale nikielekea msibani. Fremu yangu ya zamani bado ina alama ya bango langu ukutani na hakuna aliyeingia. Nimezungumza na wauza vitambaa wengine wanne wa sokoni, pamoja na mafundi sita. Wote wako tayari kufungua huko Juni ijayo kwa masharti ya kulipa kwa mauzo, wakiwekwa safu moja, na cherehani zikiruhusiwa barazani. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kusaini, na msimamizi wa kituo anajua pa kunipata.

Muuza vitambaa,
Soko Kuu, Tabora.