Marafiki wa mtandaoni ni marafiki kamili

Mhariri, kuna wazee wanasema marafiki wa kwenye simu si marafiki, mimi nakataa kabisa. Wangu niliwapata Juni 2024 tukichambua Mswada wa Fedha, watu hatujuani lakini tunaelezana vipengele usiku kucha, tukaanza na ile kodi ya mkate ya asilimia 16 tukaishia kubishana nani mkali wa muziki wa gengetone, na Agosti 2025 Harambee Stars ilipochapa Morocco 1-0 pale Kasarani tulikuwa safu moja tunakumbatiana (tiketi nazo zilikuwa ngumu jamani!). Mmoja alipofiwa huko Kayole tulichanga, tukaenda matanga wote. Hao mtawaitaje? Naomba gazeti liandike pia urafiki kama huu, za matapeli wa mtandaoni tumesoma za kutosha.

Msomaji, Umoja, Nairobi