Mjomba, ile nyama ya mjusi haikuwa mbichi

Mjomba shikamoo,

Natumai mko salama hapo Lindi wewe na mkaza mjomba na watoto. Huku Berlin mi mzima, mwezi wa nne huu lakini baridi haijaniachia. Nimechelewa kukujibu maana zamu za usiku pale nyumba ya wazee zimeniandama wiki nzima, afu swali lako halitoshi kwenye voisi ya dakika mbili, ndo nikaona niandike kabisa.

Ile video uliyonifowadia nimeiangalia mara mbili. Yule bwana anasema ndani ya mfupa wa dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, wamekuta nyama mbichi na damu, kwahiyo hayo madude yamekufa juzi tu, miaka kama elfu sita, na wanasayansi wanatuficha. Na nnavyokujua mjomba, saivi ushaipeleka kwenye kahawa na kuna watu ushawafunga midomo. Ngoja nikupe habari yenyewe kabla hawajakugeuzia kibao.

Kitu kimepatikana kweli, hapo hujadanganywa. Kule Montana, Marekani, walichimba T. rex, dinosaria mla nyama, wa miaka milioni 68, furushi la mifupa likawa kubwa mno kwa helikopta ikabidi walipasue, na paja likavunjika. Vipande vikaenda kwa mama mmoja mwanasayansi, Mary Schweitzer, akaloweka kimoja kwenye dawa inayoyeyusha madini. Kwa mfupa ulioshakuwa jiwe, ukitoa madini usitegemee kubaki na kitu. Yeye akabaki na kitu laini, ukikivuta kinavutika, na vimirija kama vya mishipa ya damu, na ndani ya vimirija vidoa vyekundu. Akatangaza 2005. Lakini hakuna mtu aliyekuta mnofu mjomba, ule mfupa ungeupiga panga ungetoa cheche. Mwambie mkaza mjomba aloweke mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa, utapinda kama mpira, basi alichokiona huyo mama ni cha namna hiyo, ila vipande vidogo vya kutazamia darubini.

Wenzake wakamjia juu. 2008 wengine wakasema huo ni utelezi wa bakteria tu, kama ule unaoshika ndani ya mtungi usiposuguliwa. 2009 Schweitzer akarudi na dinosaria mwingine wa miaka milioni 80 na akasema ana protini. Wanabishana mpaka leo, ila wanachobishania ni hiki kitu ni nini na kimedumuje, umri wa mfupa haumo kabisa kwenye ugomvi wao, yule bwana wa video kauchomekea mwenyewe. Na huyo mama ni Mkristo anayeshika dini, na amelalamika hadharani kwamba watu wanaitumia kazi yake kusemea yasiyokuwepo. Afu mjomba, nicheke kidogo, ile hesabu ya miaka elfu sita wameipata kwa kujumlisha vizazi vya kwenye Biblia, we Muislamu tangu lini unaitetea?

Sasa kimedumuje. Samaki akilala usiku mmoja bila barafu asubuhi humsogelei, lakini huyohuyo mpasue umtie chumvi umwanike awe ng'onda, miezi inapita na unamla. Kuoza hakuna ratiba moja. Schweitzer anaona chumvi ya hapa ni chuma kilichomo kwenye damu, akajaribu kwa mishipa ya mbuni, mingine kaiweka kwenye maji matupu ikaharibika ndani ya siku chache tu, mingine kailoweka kwenye maji ya chembe za damu, ikakaa miaka miwili, joto la chumbani tu, hakuna friji. Miaka miwili sio milioni 68, hapo ukinibana nakubali, na wenyewe hawajamaliza.

Ila umri hawapimi kwa ulaini. Wala hawapimi kwa ile kaboni aliyoisema yule bwana wa video, ile inapungua kwenye mabaki kila miaka ikienda, na ikishapita miaka kama 50,000 haibaki ya kupimika, ni sawa na kupeleka gunia la korosho kwenye mizani ya sonara. Wanapima majivu ya volkano yaliyolala kwenye matabaka ya mawe. Na kwetu Tendaguru, kile kilima cha huko Lindi Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria, ushahidi hauhitaji hata maabara, nenda ukaone: tabaka la mifupa, juu yake tabaka lenye kombe za baharini, juu tena mifupa, juu tena kombe, mara tatu. Yaani bahari imekuja ikaondoka, ikaja ikaondoka, na kila ikiondoka wanyama wanarudi kukaa. Hiyo ni miaka milioni 150 hivi, na sioni utaibanaje kwenye elfu sita.

Jumamosi nilienda tena makumbusho ya hapa Berlin kumtazama mjusi wetu, yule dinosaria wa Tendaguru. Mita 13 na ushee mjomba, shingo inauma kabla hujafika kichwani. Nikakumbuka bibi alivyokuwa anasema babu yake aliwabebea Wajerumani mifupa ya mijusi hiyo kichwani mpaka bandarini Lindi, na sisi tulikuwa tunamcheka. Kumbe kati ya 1909 na 1913 imeshuka zaidi ya tani 200 kwa njia hiyohiyo, vichwa na mabega, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, wa kwetu, mpaka kuna mjusi mmoja wa Tendaguru kapewa jina lake 2007. Mi ningependa barazani mlibishanie hilo. Hivi pale Mipingo hakuna mzee anayekumbuka walikuwa wanapita wapi, wanalala wapi njiani? Niulizie.

Hela ya salfa nimetuma jana kwenye namba ya mkaza mjomba, yako ilikuwa inakataa. Na ukipata mtu wa kuja huku nipe ng'onda, ila mfunge mifuko mitatu, yule wa mwisho kanitia aibu kwenye treni.

Mpwa wako