Barua kwa Baba: Vitofali vya Billund na Mawe ya Njiru

Vejle, Denmark

Kwako Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama na wote wa hapo Kayole mkiwa wazima. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanifanya niliote jua la Nairobi. Uliponiuliza ninawafundisha nini watoto wa shule ya Jumapili katika kanisa letu, niliona haya kukujibu kwa simu kwamba tunacheza, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kalamu.

Si mbali na hapa upo mji mdogo wa Billund, ambako seremala mmoja mcha Mungu, Ole Kirk Christiansen, alianza mwaka 1932 kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Husimuliwa kwamba siku moja mwanawe Godtfred alimjia akijisifu kuwa ameokoa fedha kwa kuwapaka bata wa mbao vanishi mara mbili badala ya tatu, na mzee akamwamuru arudi stesheni akawachukue bata wote na kuwamalizia peke yake. Niliposikia habari hiyo nilicheka, maana nilikuona wewe ukibomoa kozi nzima ya mawe kwa sababu timazi ilionyesha ukuta umeinama kwa unene wa msumari. Karakana hiyo ndiyo LEGO ya leo. Vitofali vyake vya plastiki viliombewa hataza mwaka 1958, na cha mwaka huo bado kinashikana na kilichotoka kiwandani juzi.

Jumapili iliyopita nilimwaga kikapu cha vitofali mkekani, na binti mmoja wa miaka saba akaniuliza swali lililonikosesha usingizi: ikiwa Mungu alimuumba kila mtu bila mfano, mbona mwalimu anatufundisha kwa vitu vinavyofanana vyote? Nimewahi kusikia mahubiri yanayosema kila kitofali ni cha pekee, lakini nadhani mhubiri hakuwahi kukishika kimoja mkononi. Nilishika viwili vyekundu, nikavigeuza mbele ya dirisha, nikahesabu vinundu vinane juu ya kila kimoja, na sikuona tofauti hata ya mkwaruzo. Singeweza kumdanganya mtoto yule.

Nilichomwambia ni hiki. Vitofali viwili vya namna hiyo huunganika kwa njia 24, vitatu kwa njia 1,060, na sita, vya rangi moja na umbo moja, kwa njia 915,103,765. Kama mikono yetu inaweza kupata yote hayo katika vipande sita, Mungu aliyeokota mavumbi ya ardhi na kumfanya mtu hakuhitaji malighafi ya ajabu ili kila mmoja wetu awe wa pekee. Adamu hakutoka katika dhahabu. Udongo ni ule ule, wa kwangu na wa yule kijana wa kando ya barabara asiyesalimiwa na mtu, na upekee umo katika mkono uliotupanga na mahali tulipowekwa. Binti alinitazama, kisha akaendelea kujenga ng'ombe mwenye miguu mitano.

Hata hivyo, Baba, mfano huu unanipungukia, na hapo ndipo ninapokuhitaji wewe. Kitofali hakimdai fundi subira yoyote, lakini mawe yako ya Njiru, hata yaliyokatwa kwa kipimo kimoja, yalifika kila moja na tabia yake: hili lina tumbo, lile limekatika pembe, jingine linanyonya maji hadi udongo unakauka kabla ya kukaa. Nilikuona ukiligeuza jiwe mara tatu au nne, ukiligonga kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, ndipo ukaamua likae wapi. Mtume Petro alipotuita mawe yaliyo hai, naamini aliwaza mawe ya namna hiyo. Siku ile uliponipeleka kulitazama Kanisa Kuu la All Saints, uliniambia jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917 na ujenzi ukamalizika mwaka 1952, kisha ukaweka kiganja ukutani, ukanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani umechoka.

Nina ombi moja. Unalikumbuka jiwe lililovunjika ubavu, ambalo vibarua walilitupa kando, nawe ukaliokota, ukageuza upande mbovu kwa ndani na kulijenga karibu na mlango wa jikoni? Sisemi lilikuwa jiwe kuu la pembeni, kwani Mama alilitumia kuning'iniza upawa. Tafadhali mwambie dada alipige picha anitumie kabla ya Jumapili, maana nimemwahidi binti yule kwamba nitamwonyesha, na ukumbuke kuniandikia ulijuaje kwamba lingefaa.

Msalimie Mama sana.

Mwanao akupendaye