Mdogo wangu, mwanao anangoja umjibu

Mdogo wangu mpenzi,

Juzi uliponipigia kunilalamikia kwamba mtoto ana miezi tisa na bado "hajasema kitu", nilikuwa namsikia nyuma yako. "Ba-ba-ba," kisha kimya. "Ba-ba," kimya tena. Hicho kimya ndicho kilichonifanya nikuandikie. Alikuwa anangoja kujibiwa.

Usidhani ndiyo kwanza anaanza kujifunza. Alianza kuisikia sauti yako angali tumboni. Katika miezi yake ya mwanzo aliweza hata kutofautisha sauti za lugha ambazo hakuna anayezisema nyumbani kwenu. Akikaribia mwaka, uwezo huo hupungua na sikio huikazania lugha ya wanaomlea. Watafiti Janet Werker na Richard Tees walilionyesha jambo hilo mwaka 1984. Kwa hiyo mtoto yuko kazini, ingawa neno bado.

Sasa zile video unazomwekea ili "azoee maneno". Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto wa umri huu huu wa mwanao. Wengine walichezewa na kusomewa na watu waliozungumza Kichina, wengine wakawatazama watu hao hao kwenye skrini. Waliokuwa na mtu mbele yao walijifunza kuzitambua sauti za Kichina. Wa skrini hawakupata kitu. Skrini husema tu. Haimtazami mtoto, wala haijui kwamba sasa amenyoosha kidole kwenye kijiko.

Wewe unajua. Akinyoosha kidole, mwambie, "Eh, kijiko! Unataka kijiko?" Ukimwogesha, taja mkono unapoushika mkono. Kisha nyamaza kidogo, umtazame usoni, umpe nafasi. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunaongea mfululizo na yeye hapati zamu.

Mimi nilikosea kwa njia nyingine. Wangu wa kwanza alikuwa akisema "mai", namkazania, "Sema ma-ji! Ma-ji!" Siku moja akageuza uso, akaacha kuomba kabisa. Iliniuma. Mama alikuwepo, akachukua kikombe akamwambia taratibu, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Mtoto akanywa. Tangu siku hiyo sikumsahihisha tena. Nililirudia neno lake vizuri tu, na lenyewe likaja.

Na shemeji asiache kumsemesha kwa lugha ya kwao. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Ila kitu kimoja usikipuuze: ukimwita kutoka nyuma asigeuke, au sauti hizo za "ba-ba" zikikatika, mpeleke apimwe masikio, usingoje akue.

Jumapili nikipiga, usimpeleke chumba kingine ili tuongee vizuri. Mpakate, umsogezee simu. Akisema "ba-ba", mimi nitamjibu.

Dada yako